Kabureta Inaonewa: Washukiwa Saba wa Pikipiki Kuukuu

Honda CG125 ilipotoka mwaka 1976 iliundwa kuvumilia barabara mbovu na matunzo haba, ndiyo maana nakala zake za Kichina bado zinabeba abiria na magunia hadi leo. Ila mvumilivu naye hugoma, na ikigoma tu, bisibisi inakimbilia kabureta. Mimi naitetea. Tuhesabu kurudi nyuma, kutoka mshukiwa wa mwisho hadi wa kukamatwa kwanza.

7. Ringi. Moshi wa bluu usiokoma, oili inapungua, kiki imekuwa laini. Hapo silinda ifunguliwe. Kabureta haikuwepo eneo la tukio.

6. Tapeti. Asubuhi inawaka, ikishapata moto inagoma. Tapeti zikibana, valvu hazifungi sawasawa na mgandamizo unavuja. Kwenye CG nafasi yake ni milimita 0.08, injini ikiwa imepoa. Fundi anayepima kwa jicho, msifu jicho lake, kisha mwombe atoe fila.

5. Mfuniko wa tangi. Huyu ni mjanja kuliko wote. Chombo kinakwenda kilomita kadhaa, kinafifia, kinazima. Unashuka, unalalamika, unakunywa maji, kinawaka tena! Kikizima, fungua mfuniko: ukisikia "fyuuu", kitundu cha hewa kimeziba, na hewa isipoingia tangini petroli haishuki. Dawa ni kukizibua na kukipuliza. Pumzi ni bure, kabureta mpya inauzwa.

4. Hewa ya wizi. Gasketi au mpira kati ya kabureta na injini ukipasuka, hewa huingia bila hodi. Unaachia mafuta, mngurumo hautaki kushuka. Nyunyizia maji pale kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umemshika mwizi.

3. Boya na sindano yake. Petroli inachuruzika kwenye mpira wa chini. Funga koki, na mwenye sigara asogee mbali. Gonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi, uchafu huachia. Usipoachia, badilisha sindano.

2. Jeti ndogo. Haya, hapa kabureta ina kesi ya kujibu. Inawaka kwa choki tu. Ukiirudisha choki, kimya. Tundu la jeti hii ni jembamba mno, na petroli iliyolala miezi huacha gundi ndani yake. Ifunguliwe, ioshwe, ipulizwe kwa upepo wa kompresa. Waya hapana! Waya unapanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi: chombo kitakunywa petroli na kutoa moshi mweusi hadi ununue jeti nyingine. Fundi akishika waya, wewe shika mkono wake.

1. Plagi. Hakikisha koki iko wazi na swichi ya kuzimia haijaguswa (wangapi wamesukuma pikipiki hadi gereji kwa sababu ya swichi!), kisha ichomoe plagi uisome. Nyeusi na kavu yenye masizi: petroli imezidi, au chujio la hewa limejaa vumbi. Imelowa oili: rudi namba 7. Nyeupe: petroli haitoshi na injini inachemka, usiendelee kuiendesha. Kahawia: iko salama. Mwanya uwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Kwa hiyo ukifika gereji, mwombe fundi aanze na spana ya plagi, nawe usimame hapo hapo umwone akianza.