Sifa za Keria Isiyojua Kukataa

Jahazi lina sifa zake, ngamia ana zake, na daraja jipya halikosi mgeni rasmi wa kulikatia utepe. Keria ya nyuma ya pikipiki haijapata hata hotuba ya dakika moja. Leo nalipa deni hilo. Na nikisema keria, sisemi kile kishikizo chembamba kinachokuja na pikipiki kutoka kiwandani, kinachofaa kubebea koti la mvua na mkate. Nasema keria yenyewe, ile iliyochomelewa kwa nondo na engo kule Gerezani, iliyotokeza nyuma ya tairi kwa urefu unaokipita kiti, ambayo ikikatiza Mtaa wa Kongo unauona mzigo kwanza, dereva baadaye.

Najua watakaonicheka. Wenye ofisi za Posta, ambao mzigo wao mzito kwa siku ni mkoba wa kompyuta, watasema keria ni uchafu wa jiji. Wavumilie kidogo. Rimu za karatasi wanazochapia barua za kulalamikia pikipiki hazikupanda ghorofani zenyewe.

Tuanze na nasaba, maana pwani hii kitu kisicho na ukoo hakisifiwi. Katika karne ya 19, mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilisafiri kichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao leo wana mtaa wao hapa Kariakoo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Kiasi hicho hakikutokana na huruma ya mwenye msafara. Mpagazi alikuwa na ulimi, tena alikuwa na miguu. Akizidishiwa alinung'unika, akizidishiwa tena aligoma, na ikibidi aliondoka usiku, tajiri akaamka na pembe zake za ndovu zimelala chini hazina wa kuzibeba. Frasila mbili zilikuwa mapatano kati ya tamaa ya tajiri na shingo ya mchukuzi.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa kulazimishwa, na makumi ya maelfu hawakurudi, maradhi na njaa vikiwamaliza zaidi kuliko risasi. Kikosi chao ndicho kilichoiachia Kariakoo jina. Mwaka 1927 pale Posta, kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe, ikasimamishwa sanamu ya kuwakumbuka waliotumika katika vita hiyo. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyetengenezwa kwa shaba ni askari peke yake, ameshika bunduki, singe kaielekeza bandarini, na mgongoni hana gunia la mtu. Nairobi walau walisimamisha watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Keria ndiye mrithi wa mchukuzi huyo asiye na sanamu Posta, na imemzidi kwa jambo moja ambalo matajiri wa misafara walilitamani wasilipate: haina ulimi.

Sasa kuzaliwa kwake. Mteja hufika na pikipiki mpya, nailoni ya kiti bado haijavuliwa. Fundi huizunguka mara moja, hukigusa kikeria cha kiwandani kwa ncha ya kandambili, na kutoa hukumu: "Kaka, hii pambo tu. Kreti mbili za soda, imepinda." Mteja naye hajaja kutafuta pambo. "Nipigie ya kazi, fundi." Basi grenda hulia, nondo ya milimita 12 hukunjwa, engo hukatwa, na cheche huruka mbele ya fundi aliyejikinga kwa miwani ya jua. Rangi ya fedha hupakwa chuma hakijapoa, ifunike madhambi ya vijiti vya kuchomelea. Halafu yanakuja majaribio: fundi hupanda juu kwa miguu yote miwili na kuruka-ruka. Keria haitikisiki. "Hii sasa beba unachotaka." Sijawahi kusikia leseni fupi na pana kuliko hiyo. Fremu haikuulizwa, tairi halikuulizwa, breki haikuwepo kikaoni.

Kuanzia hapo kiumbe huyu huanza kudhihirisha fadhila zake.

Ya kwanza ni ukarimu. Alfajiri Kariakoo, wakati maduka yanapandisha milango, keria hupokea belo la mitumba, na juu ya belo katoni za vyombo, na juu ya katoni kiroba cha mchele, na ubavuni ndoo zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Vyote hukazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, vile vinavyovutwa mpaka mkono unatetemeka. Hurudi kuchukua tenga la nyanya. Hurudi kuchukua magodoro, ambayo kwa uzito si kitu lakini kwa upana yanaifunga Narung'ombe pande zote mbili. Soko la Kariakoo lilipozinduliwa mwaka 1975, likiwa limechorwa na Beda Amuli na kuezekwa kwa yale makuba ya zege yanayotazama juu kukinga mvua, mizigo yote ilitarajiwa kukaa chini ya paa. Siku hizi nusu ya biashara iko barabarani, na duka lolote lina meza mbele, na meza ina mkeka mbele yake, na mkeka una mtu amesimama na nguo begani. Mtaa mzima umejiongezea keria. Pikipiki imefuata mila ya nyumbani kwao.

Ya pili ni haya. Keria njema hujisitiri. Mzigo hushuka mpaka ukaifunika namba ya usajili, hushuka tena ukafunika taa ya nyuma na indiketa, hata anayeifuata hana namna ya kujua ni ya nani, inasimama lini wala inakata kona wapi. Dunia hii ya watu kujitangaza imebakiza wachache wa tabia hiyo.

Ya tatu ni uchaji. Mzigo ukikaa nyuma, mkia hulala na uso huinuka. Taa ya mbele, iliyotengenezwa imulike mashimo ya barabarani, usiku humulika mapazia ya ghorofa ya pili ya Mtaa wa Aggrey. Chombo kizima huwa kimeelekea mbinguni, na dereva naye, kila akikaribia makutano ya Msimbazi na Uhuru, hutaja jina la Mola kwa sauti.

Ya nne ni elimu, na hapa naomba utulivu, maana keria inafundisha hesabu. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina kama mita 1.25 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Funga mzigo wa kilo 50, kitovu chake kiwe nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo sasa ni kama nguzo ya katikati ya ubao wa pembea ya watoto: upande mmoja ukishuka, wa pili unapanda. Gurudumu la nyuma halikuongezewa kilo 50, limeongezewa 70, kwa kuwa mzigo umelinyanyua la mbele kwa kilo 20. Muombe fundi arefushe keria na uusogeze mzigo ule ule mpaka mita nzima nyuma ya ekseli. Kilo 40 zimeondoka mbele, kilo 90 zimelala nyuma. Mzigo haukuongezeka hata punje, kilichoongezeka ni chuma. Na gurudumu la mbele ndilo linaloongoza, tena breki yake ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, na gurudumu lisiloelemea lami halishiki lami. Kwa nondo chache mtu amenunua nafasi ya kufungia zaidi, akalipia kwa uwezo wa kukata kona na kusimama.

Ya tano, kuu kuliko zote, ni ukakamavu. Keria ya Gerezani haivunjiki. Hili nalisema bila utani. Spoku zitakatika, springi za shokapu zitalala, tairi litapasuka, fremu itapata ufa, na ufa huo mara nyingi hautakuwa kwenye kiungo alichojivunia fundi bali pembeni yake kidogo, pale moto wa kuchomelea ulipokichosha chuma cha zamani. Kiuno cha dereva nacho kitadai chake kabla hajafikisha miaka 40. Yote yatakapokuwa yameuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, keria itafunguliwa ikiwa nzima na kuhamishiwa kwenye pikipiki nyingine.

Isidhaniwe kwamba kipaji hiki ni cha Kariakoo peke yake. Huko Marekani watu hupenda kuvuta nyumba ndogo za magurudumu nyuma ya gari, wakaenda kulala nazo porini. Bampa la nyuma la tela hizo nyingi ni bomba la mraba la upana wa inchi 4, jembamba, tupu ndani, na wenyewe hufichamo mpira wa kumwagia maji machafu. Mwenye nyumba akishaliona bampa hilo, roho haitulii mpaka amefunga juu yake baiskeli, jenereta na sanduku. Anaita fundi, bampa linaongezewa chuma, mwenyewe anapanda juu na kuruka-ruka. Kisha bampa linabaki imara na mkia wa fremu ndio unaolegea. Tena uzito uliokaa nyuma ya ekseli unaipunguzia mzigo ile shingo inayoshikana na gari, na tela huanza kuyumba barabarani. Mmarekani mwenye vifaa vyote na mwenzetu mwenye miwani ya jua wamefika mahali pamoja.

Nyumbani keria ina ndugu wa damu, naye ni lumbesa. Gunia lina mdomo wake, linajaa pale lilipojaa. Lakini mnunuzi hulishonea kilemba cha wavu na kamba, mazao yakapanda juu ya mdomo, na mkulima akalipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukilikemea jambo hilo miaka nenda rudi. Kwa malori nako kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, ukomo ukiwa tani 56. Lori likifika mizani ya Vigwaza hupimwa ekseli kwa ekseli, na likizidisha linalipa. Kwa nini lori? Kwa sababu barabara inayoharibika ni mali ya Serikali, na Serikali ina ulimi. Mpagazi alikuwa na wa kwake. Keria, na gurudumu lililo chini yake, na dereva ambaye pikipiki ni ya mkataba na hesabu ya jioni inamsubiri, hao hawana mizani.

Wakosoaji watasema dawa ni kuzipiga marufuku pikipiki zenyewe. Imejaribiwa. Pikipiki zimewahi kufukuzwa katikati ya jiji, na zimerudi, kwa kuwa mizigo haikufukuzwa. Anayeweka belo la pili si dereva. Dereva hulipwa kwa safari, halipwi kwa kilo. Mwenye mali anayajua hayo, ndiyo maana huita pikipiki moja pale palipotaka mbili, halafu yeye mwenyewe akapanda bajaji, akatangulia. Wahenga walimjua zamani: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nimeisifu keria kwa moyo wote, na sasa natoa hukumu. Kile kikeria chembamba tulichokitupa kwenye lundo la vyuma chakavu, kile cha koti la mvua na mkate, ndicho kilichokuwa na ulimi. Kupinda kwake kulikuwa ndiyo namna yake ya kusema basi. Sisi hatukuuongeza uwezo wa pikipiki hata kwa kilo moja, tulimwondoa shahidi aliyekuwa anasema kweli.

Kwa hiyo, ndugu dereva, ukienda Gerezani mwambie fundi aifupishe. Kizito kikae juu ya ekseli au mbele yake, vyepesi ndivyo viende mkiani. Namba na taa vionekane. Pesa itakayobaki nunulia breki na tairi, maana hizo ndizo zinazobeba. Nawe mwenye mali, hesabu yako ni fupi zaidi: lipa safari mbili.