Jembe Begani, Barazani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilibisha hodi siku ya kwanza, jembe langu begani, nikaachwa barazani mpaka jua likazama.

Sababu ni herufi mbili. Nina programu huria ya kuandikia hesabu za duka, ya bure na ya Kiswahili, ila kitufe cha kuhifadhi kimeandikwa "Hifahdi". Kila nikikibonyeza jino linaniuma. Na si wanasema programu huria ni ya wote, msimbo uko wazi, mwenye kuona kosa arekebishe? Nikajifunga kibwebwe.

Kwanza nikatakiwa nisome mwongozo. Unasema "fanya kama kawaida". Kawaida ya nani? Pili, nipakue msimbo mzima. Bando la wiki likakata saa nne asubuhi, mke wangu akauliza ni mechi gani hiyo ya asubuhi. Tatu, niiunde programu upya kwenye kompyuta yangu, nayo ikaunguruma kama mashine ya kusaga. Nne, nitie saini mkataba wa Kiingereza cha mahakamani, eti d na h zibadilishane viti.

Nikatuma marekebisho. Siku kumi na tisa, kimya. Ya ishirini likaja jibu: "Soma mwongozo."

Kumbe ukali huu una ukoo. Linus Torvalds, aliyeanzisha mradi huria wa Linux mwaka 1991, aliwahi kusifika kwa barua pepe za kuunguza. Lakini Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa muda ajirekebishe. Papa kaomba radhi, dagaa wangu bado wananibenulia midomo!

Nami sidai biriani. Miradi yenye adabu huzitia alama kazi nyepesi ili mgeni aanze nazo. Huo ndio mkeka. Huandika mwongozo unaosomeka na mgeni, si na aliyeuandika tu. Na mgeni akileta kitu, hata kibovu, huambiwa asante kwanza, kasoro baadaye.

Wenye miradi, kwetu pwani hodi hupigwa mara tatu; isipoitikiwa, mgeni hurudi kwao na jembe lake. Msije mkalalamika kwamba shamba limewashinda.

Jana usiku nimefunga hesabu za duka. Bado ni "Hifahdi".