Wanataka Kombe, Ngoma Hawanunui

Mwaka huu wa 2026 nimekuwa mzazi wa mwanamuziki, na tafadhali usinipe pongezi. Binti yangu aliingia Gredi ya 10 mwezi Januari. Serikali ilimpa mikondo mitatu achague: Sayansi na Teknolojia, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Akachagua Sanaa, na humo ndani akachagua Muziki na Densi. Sisi tunaishi Kitale, shule iko Bungoma. Watu wa Kitale karo tunaihesabu kwa magunia ya mahindi, na sijawahi kumsikia mzazi kwenye foleni ya bohari la nafaka akijisifu kwamba gunia lake linakwenda kulipia ngoma.

Habari zilipofika Webuye, shemeji yangu alipiga simu usiku. "Shemeji, huyo mtoto atakula do-re-mi?" Nikamwambia mtihani wa muziki wa KCSE tuliouzoea una karatasi tatu. Kuna ya kupiga ala na kuimba mbele ya mtahini, kuna ya nadharia na historia, na kuna ya kusikiliza wimbo na kuuandika papo hapo. Ajaribu hiyo ya mwisho ndipo aniambie muziki ni wa wavivu. Akanyamaza. Wiki haijaisha akapiga tena: mwanawe anapeleka mahari, je, binti anaweza kuja na kwaya ya shule iwachangamshe wageni? Bure, lakini. "Si ni watoto tu, shemeji?" Mwenye spika na mwenye hema, hao walikuwa wameshalipwa.

Orodha ya mahitaji ya shule ilikuwa na godoro, ndoo, shuka na rekoda. Rekoda ni ile filimbi ya plastiki yenye matundu manane ambayo shule zetu zimeitegemea miaka na miaka, kwa sababu ni rahisi na haina kitu cha kuibwa. Likizo ya Aprili binti alifanya mazoezi sebuleni. Wimbo ulikuwa mmoja. Jirani alikuja kuuliza kwa adabu kama birika letu limechemka. Mimi mwenyewe nilijikuta naumumunya ule wimbo mbele ya karani wa benki, naye akaniomba kitambulisho mara ya pili.

Kwaya nayo ina siasa zake. Kila msichana anataka soprano, maana ndiyo hubeba wimbo na ndiyo husimama panapoonekana. Binti yangu alipelekwa alto. Alto, kwa ninavyoelewa, ni watu wanaoimba noti moja kwa bidii mpaka wimbo uishe. Wavulana wana mateso zaidi, kwani aliyekuwa soprano Februari ni teno Machi, na akikohoa hajui atarudi sauti ipi. Mwalimu anawafundisha kwa solfa ubaoni na kwa koo lake mwenyewe. Kinanda kipo kimoja, ukumbini, chini ya kitambaa. Kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa naibu mwalimu mkuu, anayekilinda kisiharibiwe na wanafunzi wa muziki.

Bendi ipo pia, kwa maana ya kwamba vyombo vipo. Watoto waliolelewa katika Jeshi la Wokovu huja wameshajua tarumbeta, maana kanisani kwao bendi ya shaba ni sehemu ya ibada. Wanafika, wanakuta tarumbeta mbili za kugawana, pamoja na ngoma kubwa ya bendi iliyopasuka upande mmoja. Ngoma hiyo hutolewa siku ya mgeni rasmi, upande mzima ukielekezwa kwa mgeni.

Kinachoniuma zaidi ni hizi ngoma zetu. Magharibi ya Kenya si mahali pa kulilia ngoma. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega hupigwa kwa seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Shuleni kwa binti yangu imelindwa kweli: iko stoo, chini ya majembe.

Kuna mzee mmoja kijiji cha pili anayepiga litungu, kinubi cha Wabukusu chenye nyuzi saba, mpaka wapita njia wanasahau walikokuwa wakienda. Shule humkumbuka wiki mbili kabla ya mashindano. Anakuja, anafundisha, analipwa ugali na maharagwe, anashukuriwa kwa makofi matatu ya kilo.

Na wavulana wenyewe? Tohara ya Wabukusu huja Agosti ya miaka shufwa, na mwaka huu ni shufwa. Utawaona barabarani na chinyimba, zile kengele za chuma wanazozigonga kwenye bangili za mkononi, wakienda kuwaalika jamaa mji hadi mji. Hawakosei mdundo hata wakipanda mlima. Darasani mvulana huyohuyo anaambiwa ahesabu robo na nusu zilizochorwa ubaoni, anapotea mstari wa kwanza, anaandikiwa "hana mdundo". Kwa nini mwalimu asianzie kwenye chinyimba kisha aende ubaoni? Nilipouliza katika mkutano wa wazazi, nilijibiwa kwamba hoja yangu imeandikwa.

Sasa ni msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya, linalofanyika tangu 1927, na ghafla kila mtu anapenda muziki. Kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, na washindi huimba mbele ya Rais. Bungoma hupitia eneo la Magharibi, Kitale hupitia Bonde la Ufa. Kwa hiyo binti yangu na binamu yake anayesoma hapa Kitale, waliogombania blanketi moja likizo nzima, hawawezi kukutana jukwaani ila fainali za kitaifa. Na wote wawili wanaimba wimbo wa Kibukusu, maana Wabukusu wamejaa Trans Nzoia vilevile. Zaidi ya hapo, kuna nyimbo za kuhimiza wananchi: kulipa kodi, kupanda miti, kujiandikisha kupiga kura. Binti yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata kuku, ananihimiza kwa sauti nne nilipe kodi.

Ujumbe wa shule ulifika juzi: wazazi wa kwaya wachangie basi, vitenge na shanga. Nilichanga. Nikauliza kama katika bajeti kuna ngozi mpya ya ngoma. Hakuna. Kuna lakini kabati la vioo la kuwekea makombe, limeshaagizwa kwa fundi na limeshalipiwa nusu.

Basi niseme na mwenyekiti wa bodi, na mwalimu mkuu, na wewe mzazi mwenzangu unayemwambia mwanao aache kelele asome. Muziki ni somo kama kemia. Maabara haiendeshwi bila chupa, na darasa la muziki haliendeshwi bila ala. Mpeni mzee wa litungu malipo ya kazi yake, fungueni kinanda, toeni isukuti chini ya majembe. Hilo kabati la vioo lingoje. Shemeji naye nimemtumia bei ya kwaya, na nauli ni juu yake.