Dawa ya Mende

Ukisema nyumbani kwako kuna mbu, wageni watakupa pole na kukuuliza kama una neti. Ukisema kuna kunguni, watasimama. Mmoja atakumbuka ana mgonjwa Mbagala, mwingine ataanza kujikuna kabla hata hajaumwa. Ajabu ni kwamba mbu anaua kwa malaria, ilhali kunguni hadi leo hajathibitika kumwambukiza mtu ugonjwa wowote. Kosa lake ni kwamba anahesabiwa uchafu. Mwenyewe hana habari na ufagio wako: anafuata joto la mwili na pumzi ya aliyelala, na hivyo hata matajiri wa Masaki wanao. Mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa ikikagua viti vya treni na vya sinema kwa ajili yake, na Paris hawafugi kuku chumbani.

Sisi tumepanga chumba na sebule Mwananyamala, kwenye nyumba ya milango inayotazamana koridoni. Dalili zilianzia mkononi mwangu: vipele vitatu, mstari mmoja, vinawasha balaa. Mke wangu, ambaye tunalala kitanda kimoja, hakuwa na hata kimoja. Ngozi za watu hazifanani. Wapo wanaonyonywa usiku kucha na asubuhi wakaamka laini. Akaniambia ni joto. Jioni joto likaacha kuwa sababu, ikawa ni dagaa.

Usiku wa manane nikawasha tochi ya simu. Anayetaka kumjua kunguni asihangaike na katikati ya shuka. Afunue pembe ya godoro, pale penye mshono. Palikuwa na nukta nyeusi, kama mtu aliyekuwa akijaribu kalamu ya wino: hicho ndicho choo chao, damu iliyokwisha kusagika. Kando yake maganda membamba ya rangi ya chai, maana mdudu huyu hujivua mara 5 kabla hajakomaa, na kila mara sharti anywe kwanza. Halafu kwenye tundu la skrubu ya chaga nikamwona mwenyewe, bapa, kahawia, milimita 5 hivi. Hana mbawa wala hawezi kuruka. Akawa anaondoka taratibu, bila haraka ya mtu mwenye hatia. Nikambonyeza kwa ukucha. Doa lililobaki kwenye shuka lilikuwa damu yangu. Mke wangu akafumbua macho, akatazama doa, akatazama ukuta wa jirani, akasema neno moja tu.

"Nyamaza."

Kunyamaza kukawa sera ya nyumba. Kesho yake tukaanika godoro uani, tukamwambia kila aliyepita kwamba leo jua zuri. Jirani wa chumba cha mbele naye akaliona hilo jua, akatoa la kwake. Kijana wa bodaboda akaonekana anamwagia chaga zake maji ya moto; alipoulizwa, akasema anatoa gundi. Kwa kweli nyumba nzima ilikuwa na gundi.

Kisha akapita yule muuza dawa mwenye spika begani, ile sauti iliyorekodiwa isiyopumua: dawa ya kunguni, mende, panya, viroboto! Akasimama getini kwetu. Akina mama wote wakatoka, kila mmoja ana chenji mkononi, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Hatimaye mama wa chumba cha kona akajitoa mhanga: "Nipe ya mende." Ya mende, ya mende, ya mende, ikazunguka uani kama kiitikio cha taarabu. Muuzaji hakucheka. Alimwinamia mke wangu akanong'ona, "Dada, hii ya mende inaua na wale wengine."

Haikuwaua. Tena unga usio na lebo, usiojulikana una nini, si wa kunyunyiza mahali mtoto anapolaza shavu, na tungeujua hivyo kama tungekuwa tunaongea. Mbaya zaidi, kila chumba kilikuwa kikimfukuza kunguni kwa zamu yake. Huku akinusa dawa anapenya kwenye ufa wa ukuta, anakwenda kwa jirani anayesubiri jua zuri.

Aliyetuvunjia sera ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kumwona mjukuu. Alilala sebuleni na mtoto. Asubuhi nilimwamkia kwa mbali, kama inavyompasa mkwe, naye hakunijibu lolote zaidi ya marahaba. Akamgeukia binti yake kwa sauti ya kufika msikitini: "Mwanangu, mwambie mumeo nyumba hii ina kunguni!"

Milango ikafunguka koridoni. Nilidhani tumeaibika; kumbe watu walikuwa wanatoka kushukuru. "Na kwangu wapo!" "Kwangu tangu Ramadhani!" Kijana wa bodaboda akakiri gundi. Mama mkwe akawaketisha, akawaeleza yaliyowapata kwao: neti zenye dawa zilipokuja, kunguni walitoweka vijijini, watu wakazipenda neti kuliko walivyoambiwa wazipende. Baada ya miaka kadhaa kunguni wakarudi, dawa wameshaizoea. Watafiti waliwapima kunguni wa huko na kuchapisha habari hiyo mwaka 2002, lakini mama mkwe hakuwahitaji.

Agizo lake lilikuwa vyumba vyote siku moja. Nguo na mashuka kwenye maji ya moto, maana nyuzi 50 zikidumu kidogo haziachi mdudu wala yai. Chaga na matendegu kuchemshiwa maji, nyufa kuzibwa. Jua peke yake alilidharau: kunguni huhamia upande wa kivuli wa godoro na kusubiri. Na baada ya wiki mbili kurudia, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameangua.

Jumapili uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mama mwenye nyumba akakaa barazani na kanga mbili, akatukumbusha kwamba kabla hatujapanga nyumba hii ilikuwa safi, na kwamba kunguni huletwa na makochi ya mtumba na matranka ya watoto wa bweni. Chumbani kwake, alisema, hakuna kitu. Tukamwitikia. Magharibi ilipokaribia akamwita mke wangu pembeni.

"Mwanangu, yale maji ya moto yamebaki?"