Jinsi ya Kuitafuta Wakanda Ukiwa Isingiro

Umefika Isingiro, wilayani Kyerwa, jua limezama, na wenyeji wako wamekualika kibanda umiza kutazama muvi za Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kubuni ya Marvel. Hongera. Kiingilio ni hela ndogo. Kitakachokugharimu ni swali ambalo kila mgeni huingia nalo akidhani yeye ndiye wa kwanza kulifikiria: hii nchi iko wapi hasa? Mwongozo huu utakusaidia kuuliza bila kuaibika. Utaaibika, lakini angalau utaaibika kwa utaratibu.

Kwanza, hakikisha uko Isingiro ipi. Ipo hii ya Kyerwa, na ng'ambo ya mto Kagera ipo wilaya nzima ya Uganda yenye jina hilohilo. Ukisema "nipeleke Isingiro" ukiwa Kaisho unafika hapa. Ukisema hivyohivyo ukiwa Mbarara, unafika nchi nyingine. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto huohuo, ni Rwanda, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yako ikinasa mtandao wa huko, muvi ya saa mbili usiku utaikuta imeshafika katikati. Hakuna mwenyeji anayelalamikia mambo haya. Ila muvi ikikosea mpaka wa nchi isiyokuwepo, watabishana mpaka jenereta liishiwe mafuta. Tahadhari: usiwakumbushe kwamba wao wenyewe wanaishi kwenye ramani ya namna hiyo. Mgeni aliyewakumbusha hakualikwa tena.

Pili, kaa panapokustahili. Mbele kabisa, chini, ni watoto. Nyuma, karibu na mlango, ni wazee. Katikati ni wajuzi: vijana wenye muvi zote za Marvel kwenye flashi, wanaojua ipi inatangulia ipi, na ambao hawajawahi kusikilizwa na mwenye kibanda. Yeye ataanza na ya 2022, kisha ya 2018, na ile ya 2016 ataiweka akipata nafasi. Toa shikamoo nyuma kwanza, ndipo usogee katikati. Ukipewa kahawa ya kutafuna, tafuna. Usiulize kitu mtafsiri akiwa anaongea, na mtafsiri huongea muda wote. Akiamua kwamba T'Challa, shujaa wa muvi hizi, anarudi nyumbani kupitia Chalinze, basi amepitia Chalinze. Tahadhari: kama unajua Kiingereza, nyamaza zaidi ya wengine.

Tatu, jifunze ushahidi. Hapa ndipo wageni huanza kujiamini. Wakanda ilianza Julai 1966, katika toleo la 52 la vibonzo vya Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, na ilikuwa mahali fulani Afrika. Mwaka 2010, katika Iron Man 2, ilionekana ramani yenye alama barani Afrika, na mashabiki wakaapa kwamba ndiyo yenyewe. Mwaka 2015, Avengers: Age of Ultron ilitupeleka kwa mwizi wa madini ya Wakanda, na maandishi kwenye kioo yakatuelekeza kwamba tuko pwani ya Afrika. Asante, pwani hiyo ina zaidi ya kilomita 25,000. Mwaka 2016, Captain America: Civil War ikaonyesha ramani kwenye taarifa ya habari: Wakanda iko kando ya ziwa Turkana, pale Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini zinapokaribiana. Utataka kusema shauri limekwisha. Halijaisha. Mwaka huohuo vibonzo vilivyoandikwa na Ta-Nehisi Coates vilikuja na ramani inayoiweka Wakanda kwenye ziwa Victoria. Mwaka mmoja, kampuni moja, maziwa mawili. Tahadhari: ukitamka "Victoria" kibandani humu umefungua kikao kisicho na mwenyekiti, na hakuna wa kukifunga.

Nne, usitegemee macho wala masikio. Wakanda ya Turkana inaongea Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, kwa sababu John Kani, aliyeigiza mfalme T'Chaka, ni Mxhosa na aliitumia lugha yake. Waliomfuata wakalazimika kujifunza. Maporomoko ambako wafalme wanapigania kiti yalichanganywa: maji ya Iguazu, mpakani mwa Argentina na Brazili, na bwawa lililojengwa studio jijini Atlanta, Marekani. Soko la Lagos linaloonekana katika ile ya 2016 nalo ni Atlanta. Ila baadhi ya picha za kutoka angani ni za Uganda kweli, Rwenzori na msitu wa Bwindi, na kijana wa benchi la katikati atasimama aseme msitu ule anaujua, shangazi yake ameolewa jirani nao. Mwache. Atakutajia pia Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda, na Lupita Nyong'o wa Kenya, kwa sauti ya mtu anayehesabu mashemeji. Tahadhari: usiseme Wakanda iko Atlanta. Ni kweli, na ndiyo maana hairuhusiwi.

Tano, jiandae kwa swali la maji. Hili ndilo limewamaliza wengi. Katika Wakanda Forever ya 2022, Namor na watu wake wa Talokan, wanaoishi chini ya bahari upande wa Yucatán, Meksiko, wanaibukia ndani ya Wakanda na kuugharikisha mji mkuu. Wamepita wapi? Muvi inanyamaza, benchi la katikati halinyamazi. Kama Wakanda iko Turkana, hawakupita popote, maana ziwa lile halitoi mto wowote kwenda baharini. Kama iko Victoria, njia ipo, na Isingiro nzima inaijua kuanzia mlangoni kwake: Kagera inaingia Victoria, Victoria inatoa Nile, Nile inamwaga Mediterania, na Mediterania inatokea Atlantiki kupitia Gibraltar.

Sasa ipande njia hiyo kinyumenyume ukiwa na jeshi zima. Livushe bwawa la Aswan, lililokamilika 1970. Livushe Merowe, Sudan. Likweze maporomoko ya Murchison, ambako mto wote unajibana kwenye upenyo wa mita saba hivi. Lipitishe Karuma, Isimba, Bujagali, na lile bwawa la Jinja la mwaka 1954. Likate ziwa Victoria taratibu, lisichane nyavu za watu. Likitaka kufika kwetu, lipande Kagera hadi Murongo, ambako mtambo wa umeme wa megawati 14 na maofisa wa mpakani wanalisubiri. Mtu atauliza Namor anatumia kitambulisho gani. Usicheke, ni swali la kitaalamu. Tahadhari: ukiikubali njia hii umekubali kwamba Wakanda iko mkoa wa Kagera, na utatakiwa kutaja kata.

Sita, ijue kanuni inayozitangulia zote: steringi hafi. Mwaka 2018 T'Challa alitupwa kwenye maporomoko, akarudi. Mwaka huohuo, katika Infinity War, aligeuka vumbi, 2019 akarudi. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, mpaka Chadwick Boseman mwenyewe, aliyemwigiza, alipofariki, tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43. Waliotengeneza muvi ya 2022 hawakumtafuta mtu wa kukaa mahali pake, walimzika T'Challa. Wabishi watakaokubishia mto, ziwa na mpaka hawatakubishia hapa. Tahadhari: ukifika sehemu hii, funga mdomo. Wengine walishaufunga.

Saba, msikilize mzee wa mlangoni. Amekaa kimya tangu mwanzo kwa sababu jibu analo. Atakuuliza: nchi ya milima, yenye mfalme, yenye madini, inayofua chuma kuliko majirani zake, uliisikia wapi? Ataanza na wahunzi wa Kagera, ambao tanuri zao zilitoa chuma cha pua yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Peter Schmidt na Donald Avery waliliandika hilo mwaka 1978 katika jarida la Science. Atakuja kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, aliyempokea msafiri wa Kizungu Speke mwaka 1861 na mwingine, Stanley, mwaka 1876, na ambaye hazina yake, kwa maelezo ya Stanley, ilikuwa na bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu. Atataja madini ya bati yanayochimbwa hapahapa Kyerwa. Halafu kijana mmoja ataongeza kwamba Desemba 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikutwa imeiweka Wakanda kwenye orodha ya nchi zenye biashara huria na Marekani, na kati ya bidhaa zilizoorodheshwa walikuwemo bata. Wizara ilijieleza kuwa ilikuwa inajaribu mfumo, ikaifuta. Kibandani maelezo hayo hayajapokelewa. Bata wa Rumanika, bata wa Wakanda: wanataka ushahidi gani tena? Tahadhari: usimkubalie mzee, atakutaka uwe shahidi; usimkatalie pia, uko kwao.

Mwisho, jiandae kushindwa. Utatoka humo saa sita usiku ukiwa na Wakanda tatu: moja ya Turkana, moja ya Victoria na moja ya mzee. Kesho yake utalianza upya swali lilelile ukiwa kwenye bodaboda, na dereva atakuwa na Wakanda ya nne. Watengenezaji hawatakusaidia, wameihamisha mara nyingi kuliko mtumishi wa serikali, na wataihamisha tena hadithi ikidai.

Kama bado unataka kuiona kwa macho nchi ya wafalme na wahunzi, tafuta gari la kwenda Bweranyange, wilayani Karagwe. Ndiko yalikokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, akiwemo Rumanika. Ipo kwenye ramani, haijahamishwa hata mara moja, na kibandani hakuna aliyewahi kuuliza iko wapi.