Majambazi Wenye Anwani

Japani jambazi hatafutwi, huorodheshwa. Yamaguchi-gumi, genge kubwa kuliko yote ya yakuza, lina makao makuu Kobe, na kila mwaka polisi hutangaza idadi ya wanachama kama mfugaji anayehesabu kuku wake. Mtetezi wa sheria ya 1992 dhidi ya magenge hayo atasema imewamaliza: mwaka 1963 yakuza wote walikuwa takriban 184,000, leo hawafiki 20,000. Hesabu nzuri, ila mwaka 2010, sheria ikiwa na miaka 18, walikuwa bado karibu 80,000. Anguko kubwa tangu sheria hiyo lilikuja baada ya kanuni za mikoa, zilizoenea nchi nzima 2011, kuwabana wafanyabiashara wasishirikiane nao. Kumbe pingu ilikuwa benki! Mwanachama hafunguliwi akaunti; uanachama wenyewe, mpaka leo, si kosa.