Namna ya Kukutanisha Mastelingi Wawili Bila Kumpoteza Msomaji

Kabla hujashika penseli, nenda banda umiza lolote la Kasulu siku wanapoonyesha filamu ya mashujaa wengi. Kaa benchi la nyuma. Iache filamu, tazama watu. Yule anayemjua Spider-Man peke yake atamgusa jirani: "Huyu mwenye nyundo ni nani?" Jirani akijibu kwa maneno matatu, mambo yanaendelea. Akianza kusimulia filamu nne zilizotangulia, basi aliyeuliza hataiona tena hata hii aliyoilipia. Umeshamwona huyo aliyeuliza? Mchoree yeye.

Mimi nilikuwa yeye, kwa upande wa magazeti. Miaka ya tisini gazeti la katuni la Sani lilitufikia Kasulu kwa safari ndefu: treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha basi lililopanda milima kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa kusukumwa wakati wa masika. Likifika toleo moja, mawili yamepotelea njiani. Hilo moja lilizunguka mtaa mzima mpaka jalada likalegea kama kitambaa. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Pimbi waliishi humo kama wapangaji wa nyumba moja. Hata jina la gazeti lilikuwa la watu wawili waliokutana: Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, SA na NI. Ukifungua ukurasa wowote unaingia bila kubisha hodi, hata kama matoleo sita yaliyopita hukuyaona.

Kwa hiyo sharti ninalolishikilia kuliko yote ni hili: kisa cha mastelingi wawili kiishe ndani ya karatasi ambayo msomaji ameishika mkononi.

Wamarekani wamelivunja mara nyingi. Mwaka 1984 Spider-Man alitokea katika jarida lake mwenyewe amevaa nguo nyeusi. Amezitoa wapi? Jibu liliwekwa katika jarida jingine, Secret Wars, toleo la nane, miezi kadhaa baadaye. Msomaji wa New York angeweza kurudi dukani na kulinunua. Wa Kasulu angesubiri treni. Mwaka 2006 kampuni ya Marvel ikawapiganisha mashujaa wake wao kwa wao katika Civil War. Matoleo ya msingi yalikuwa saba, na vipande vingine vikatawanywa katika majarida mengi ya pembeni. Humo humo, vita ikiendelea, Storm aliolewa na T'Challa, mfalme wa Wakanda. Harusi hiyo ilichapishwa katika jarida la Black Panther, nje ya yale saba. Fikiria: shujaa ambaye hadithi yake imepita Kenya anaolewa na mfalme wa nchi ya Kiafrika, na msomaji aliyejinyima akanunua matoleo yote saba anaikosa sherehe! Kwetu mtu akimwalika jirani harusini humwambia ni nyumba ipi.

Sasa tazama waliofanya vizuri. Mwaka 1976 DC na Marvel, kampuni zilizogombea wateja walewale, zilikubali kuwaweka Superman na Spider-Man katika kitabu kimoja. Mwandishi Gerry Conway na mchoraji Ross Andru hawakuanza na ngumi. Walitupeleka kwanza kwa Superman, akipambana na Lex Luthor. Halafu wakatupeleka kwa Spider-Man, akipambana na Doctor Octopus. Halafu maadui hao wawili wakakutana gerezani na kupatana. Ni baada ya hapo tu ndipo njia za mastelingi zilipogongana. Aliyemjua mmoja tu alikuwa ameshatambulishwa kwa mwingine kabla ya pigo la kwanza, na hakuhitaji kumgusa jirani.

Waliwaza pia juu ya mizani. Superman ana nguvu za kung'oa jengo. Spider-Man ni kijana mwepesi anayepanda kuta. Pigano la haki lingekwisha kwa kofi moja. Basi Luthor akammulika Spider-Man kwa miale ya jua jekundu, ile inayomnyong'onyeza Superman, na kwa muda mfupi ngumi za kijana zikafika. Miale ilipokwisha, aliyeumia mikono ni yeye. Ninakipenda kipande hicho kwa dhati, kwa sababu wasomaji wa pande zote mbili walitoka na heshima ya stelingi wao bila kudanganywa.

Miaka 20 baadaye kampuni hizohizo ziliwaachia wasomaji wapige kura juu ya mapambano matano. Storm, ambaye kabla ya kujiunga na X-Men mwaka 1975 aliabudiwa nchini Kenya kama mungu wa mvua, kwa mujibu wa hadithi, akamshinda Wonder Woman. Wolverine akamshinda Lobo, lakini pigano lenyewe liliishia nyuma ya kaunta ya baa na sisi hatukuona pigo lililoamua. Nilifurahi kwa Storm, ni wa kwetu. Ila kura inasema nani anapendwa, haisemi ameshindaje. Hilo ni deni la mchoraji, na pale kwenye kaunta halikulipwa.

Usisahau sababu ya kukutana. Fahali wawili hawakai zizi moja, basi usiwachoree zizi. Wachoree mahali pa kunywa maji, ambako kila mmoja angekwenda hata kama mwenzake hayupo. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye likavuka kuja Tanzania, lilipata mahali hapo: redio. Mhusika wake Boyie anatangaza, na vijana wengine wenye visa vyao wanamsikia kila mmoja alipo. Mtu wa Kibondo analielewa hilo haraka, maana Radio Kwizera iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi imesikilizwa na mkimbizi kambini na mwenyeji shambani, kwa wakati mmoja.

Na sisi tunapo mahali pengine pa namna hiyo. Soko la Mabamba, kule Kibondo mpakani. Kiha na Kirundi vinaelewana pale bila mkalimani. Bei ya maharage inapatanwa kila mtu na lugha yake. Mastelingi nao wapo tayari, hawahitaji ruhusa ya kampuni yoyote. Warundi wanaye Samandari, mjanja asiyeogopa wakubwa. Shuleni sisi tulisoma Abunuwasi, aliyetoka Baghdad, akapita pwani, akafika mpaka madaftari ya milimani. Wajanja wawili, soko moja, mbuzi mmoja anayeuzwa. Hapo huhitaji miale ya jua jekundu, kwa sababu akili zao zinalingana tayari. Kazi yako ni kumpa kila mmoja ujanja mmoja wa kweli na kosa moja la kweli, ili mtoto wa mkimbizi kutoka Burundi na mtoto wa Kibondo mjini wote wapate wa kumcheka na wa kumshangilia.

Kwa hiyo wewe mwalimu mwenye chaki za rangi, wewe kijana unayechora majalada ya madaftari ya wenzako kwa kulipwa andazi, ninakuomba uanze wiki hii. Karatasi moja kubwa ukiikunja mara mbili inakupa kurasa nane. Ukurasa wa kwanza mpe Samandari akiwa kwao. Wa pili mpe Abunuwasi akishuka basi la Kasulu. Wa tatu wakutane mbele ya mbuzi. Na chini kabisa ya ukurasa wa nane, tafadhali, usiandike "itaendelea".